Milango ya Utosini

Chumba namba sita cha kliniki ya ngozi kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, meza yenye kompyuta, na dirisha lililobandikwa karatasi ya kaki ili mwanga usiharibu picha. Jumanne moja, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwanamke aliyefanya kazi ya kusoma mita za maji aliketi kwenye kile kiti, akafungua kilemba chake, akakikunja mara nne na kukiweka mapajani juu ya mkoba. Mpiga picha wa kliniki, mama wa makamo ambaye wagonjwa walimwita Mama Lenzi, aliifuta kamera kwa pamba yenye spiriti, akapaka jeli kidogo utosini mwa mgonjwa, akaibandika kamera hapo hapo.

"Usitikise kichwa," alisema. "Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo."

Kwenye skrini zikatokea nyumba.

Zilikuwa nyumba ndogo za mlango mmoja mmoja, zimepangwa kwa safu ambazo hazikunyooka sana, kama mtaa uliojengwa kabla wapimaji hawajafika. Katika kila mlango ulitoka unywele, mahali pengine nywele mbili au tatu, zikapita juu ya paa na kupotelea nje ya picha. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo. Mzee mmoja alikuwa amekaa kizingitini anakata kucha. Upande wa kushoto palikuwa na nyumba nne ambazo milango yake ilikuwa imezibwa kwa plasta, ikalainishwa vizuri hata usingejua kama paliwahi kuwa na mlango, isipokuwa kwa doa jeupe dogo kama tundu la sindano.

"Hao ndio wapangaji," alisema Mama Lenzi akisogeza kiti chake. "Kila kichwa wamo. Cha kwako kina watu watulivu. Jana nilikuwa na kichwa cha mhasibu mmoja, weee, kelele hizo!"

"Na huyo mwenye ndoo?"

Katikati ya safu ya pili mwanamume mfupi aliyevaa ovaroli alikuwa amepiga goti mbele ya mlango. Alikuwa na ndoo pembeni na mwiko mkononi, na hakuwa na haraka.

"Huyo ni fundi. Huyo ndiye ugonjwa wenyewe."

Msoma mita alimtazama kwa muda. "Anafanya kazi safi," alisema, maana alikuwa mtu wa haki.

"Safi mno. Hapo ndipo penye taabu."

Fomu ya kupimia ukali wa ugonjwa ilikuwa na mistari mitatu: wekundu, magamba, maumivu. Kila mstari ulipewa alama kuanzia sifuri hadi tatu. Wekundu ulitokana na majiko, kwa sababu nyumba ambazo fundi alikuwa anazikaribia zilikuwa zinapika na kufungasha kwa wakati mmoja, na majiko yakiwaka yote ngozi ilionekana nyekundu. Magamba yalikuwa vumbi la plasta lililotua juu ya mapaa. Maumivu aliulizwa mgonjwa. Kompyuta ilitoa mbili kwa wekundu na mbili kwa magamba.

"Panauma?"

"Panawaka. Kama nimepakwa pilipili halafu nikasahauliwa."

"Mbili," aliandika Mama Lenzi. "Jumla sita."

Msoma mita aliisoma fomu kuanzia juu hadi chini. Nywele hazikuulizwa popote, wala milango. Fomu hiyo ilikuja miaka kadhaa nyuma ndani ya boksi moja na kamera, ikiwa imefungwa kwenye nailoni, na tangu hapo kliniki ilikuwa inatoa nakala ya nakala.

Daktari alikuwa chumba cha pili, mwanamume mpole aliyezoea kushika kalamu isiyo na kifuniko. Alimweleza bila kumficha. Ugonjwa huu unaacha kovu. Tundu la unywele likishazibwa halizibuki tena, si kwa dawa, si kwa dua. Kinachowezekana ni kumzuia fundi asiendelee, na kwa hilo zipo sindano na vidonge, na vinafanya kazi. Sindano zinaanza alama saba.

"Mimi nina sita," alisema msoma mita.

"Una sita. Utapata losheni."

"Lakini daktari, si bora tumzuie sasa hivi, wakati bado kuna milango?"

"Ndivyo ningependa," alisema daktari, na ilionekana anamaanisha. "Mwongozo unasema saba. Rudi baada ya miezi mitatu."

Nyumbani msoma mita aliishi na binti yake wa miaka sita, pamoja na wifi yake ambaye alikuja kukaa wiki mbili mwaka juzi na bado alikuwepo. Wifi aliipokea ile chupa ya losheni, akaigeuza huku na huku, akainusa.

"Wifi, na kitunguu je?"

"Nimeshajaribu kitunguu."

"Kile chekundu?"

"Chekundu, cheupe, na majani yake."

"Basi hukusugua kwa imani."

Binti alikuwa na nywele nzito zilizovunja vitana. Kila jioni alikaa mapajani mwa mama yake na kitabu cha shule, akaegemeza kichwa chake kwenye kichwa cha mama, akasoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari. Habari za wapangaji aliambiwa kwa sababu aliuliza.

"Wana watoto?"

"Wanao."

"Wanasoma wapi?"

"Shule sijaiona, mwanangu. Labda iko upande wa kisogoni."

Msoma mita alipaka losheni asubuhi na jioni, kama alivyoelekezwa, bila kuruka hata siku moja. Wiki ya tano wapangaji waliofungiwa milango walianza kushuka kutoka utosini kwenda pembeni. Nyuma ya masikio wakawa wanakaa familia mbili chumba kimoja. Kila alipoinama kufungua kifuniko cha mita aliwasikia.

"Sogea basi, mwenzio nimebeba godoro!"

"Nisogee wapi? Niingie sikioni?"

Kazi yake ilikuwa kutembea mtaa kwa mtaa na fomu za idara ya maji, kupangusa kioo cha mita kwa kidole gumba na kuandika tarakimu. Fomu ya idara ilikuwa na safu mbili, usomaji na maelezo. Msimamizi wao, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakuwa mkali kwa jambo lolote isipokuwa moja: sifuri iliyoandikwa bila maelezo aliirudisha. "Sifuri ya nini?" aliuliza. "Mita imekufa? Nyumba haina mtu? Au wamejiunganishia kwa nyuma? Nenda kaangalie." Na mtu alirudi kuangalia, hata kama nyumba iko mwisho wa mtaa na jua la saa saba liko juu ya kichwa. Kwa miaka tisa msoma mita hakuwahi kukisia usomaji, wala kurudishiwa fomu.

Miezi mitatu ilipotimia, Mama Lenzi alibandika kamera mahali pale pale, katikati, vidole vinane kutoka mwanzo wa nywele. Mwongozo ulitaka picha zote zipigwe sehemu moja ili kompyuta iweze kuzilinganisha. Kwenye skrini zilibaki nyumba tatu zenye mlango. Nyingine zote zilikuwa kuta laini. Kwa kuwa hapakuwa na wapishi, hapakuwa na moto wa kutosha. Na kwa kuwa fundi alikuwa ameshamaliza pale na kufagia, vumbi lilikuwa dogo. Wekundu moja, magamba moja.

"Panauma?"

"Hapo ulipobandika hapaumi. Panapouma ni pembeni kidogo. Vidole viwili tu. Sogeza uone."

"Fomu inauliza hapa."

"Hapa hakuna mtu, Mama Lenzi! Nani aumie?"

Mama Lenzi alitazama mlango wa chumba, kisha akasogeza kamera vidole viwili. Skrini ikajaa moto. Watu walikuwa wanakimbia na masufuria, mtoto amesahauliwa juu ya paa analia, na fundi, mikono ya ovaroli ameikunja, anapiga plasta milango miwili kwa wakati mmoja. Picha ilidumu sekunde mbili. Kisha ikazimika na maandishi yakatokea: SEHEMU HAILINGANI. RUDIA.

"Umeona?" alisema Mama Lenzi, akairudisha kamera. "Maumivu sifuri. Jumla mbili."

Daktari aliifurahia fomu. "Kutoka sita mpaka mbili! Losheni imekukubali."

"Losheni haijanikubali, daktari. Watu wamehama."

"Najua. Nimeiona picha."

"Sasa?"

"Sasa alama zimeshuka."

Msoma mita alikaza mikono juu ya mkoba. "Kwetu kazini mita ikigoma kusogea, hatumpi mwenye nyumba hongera. Tunaenda kuuliza kama bado yupo hai."

Daktari alicheka kidogo, kwa wema, akaandika: anaendelea vizuri. Nje kwenye ngazi msoma mita alifunga kilemba kwa nguvu hata waliokuwa nyuma ya masikio wakalalamika.

Baada ya hapo walimpiga danadana. Masijala walisema jambo hilo ni la daktari. Daktari alisema ni la mwongozo. Mwongozo ulikuwa wa kamati, na kamati ilikutana kwenye jengo jingine, ghorofa ya nne, ambako karani alimwambia aandike barua. Aliandika barua. Karani alisema barua haisomwi bila kuambatanishwa fomu ya kliniki. Aliambatanisha fomu. Karani aliisoma, akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyekatizwa chai yake. "Lakini mama, hapa wameandika unaendelea vizuri. Unalalamikia nini?"

Alitoka hapo akatembea mpaka kituoni bila kujua ameshikilia kalamu ya karani.

Ni Mama Lenzi aliyemwambia, "Njoo saa ya chakula. Nitaizima ile programu inayolinganisha, kamera ibaki inaonyesha tu." Msoma mita alikuja na kitita cha fomu za idara, maana ndizo alizozijua. Mlango ulifungwa kwa komeo. Mama Lenzi alimenya ndizi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaanza kusogeza kamera, kidole kwa kidole, kuanzia kwenye paji la uso.

"Imefungwa," alisema. "Imefungwa. Imefungwa. Imefungwa. Hapa wamo wawili."

Msoma mita aliandika juu ya mapaja bila kutikisa kichwa.

"Imefungwa. Hapa yuko mama na watoto wanne."

"Wenyeji au wamehamia?"

"Ngoja." Mama Lenzi alisogeza uso kwenye skrini. Mwanamke wa skrini alionyesha kwa mikono. "Wamehamia. Anasema wanalala kwa zamu."

"Naandika msongamano."

Juu kidogo ya sikio la kulia walimkuta fundi anachora alama za chaki kwenye milango, kazi ya wiki hiyo. Mama Lenzi alimeza ndizi. "Fundi, na wewe nani amekutuma?" Fundi aligeuka, akavua kofia, akatoa karatasi kwenye mfuko wa ovaroli na kuinyanyua kuelekea kwenye kamera. Ilikuwa imelowa plasta, haikusomeka. Aliitazama mwenyewe, akasikitika, akairudisha mfukoni na kuendelea kuchora.

Kwa dakika hamsini walisoma milango mia sita na kumi na miwili. Iliyofungwa ilikuwa mia nne thelathini na mmoja. Yenye watu ilikuwa mia moja themanini na mmoja, na kati ya hiyo ishirini na sita ilikuwa imeshapigwa chaki. Ilikuwa kazi nzuri, kurasa nne, kila sifuri na maelezo yake. Msoma mita alijisikia mwepesi kama mtu aliyeshusha ndoo kichwani.

Daktari alizisoma kurasa zote nne akiwa amesimama.

"Miaka yote niliyokaa hapa," alisema, "sijawahi kupewa kichwa kizima namna hii."

"Basi weka kwenye faili, daktari. Uone kama hao wa milango ishirini na sita yenye chaki hawastahili sindano."

"Wanastahili." Alizipanga kurasa zikalingana, akamrudishia. "Lakini juu imeandikwa idara ya maji."

"Ziandike upya kwenye fomu yenu."

Daktari alitafuta nafasi kwenye fomu. Hapakuwa na nafasi, ila ukingo mwembamba upande wa kulia. Akaandika hapo kwa penseli, herufi ndogo ndogo: mgonjwa anaeleza kwamba nyumba zimefungwa. Faili lilipokwenda kutolewa nakala, mashine ilikata ukingo.

Wapangaji walisikia yote hayo, kwa kuwa wengi wao sasa waliishi nyuma ya masikio. Asubuhi ya safari ya tatu msoma mita alihisi nyayo tangu akiwa anamvalisha binti sare ya shule, nyayo nyingi zinapanda, zinatua, zinapanda. Mama Lenzi alipobandika kamera katikati, vidole vinane kutoka mwanzo wa nywele, pale mahali palipokuwa pamelainishwa palikuwa pamefurika watu. Kaya zote zilikuja. Walikaa juu ya plasta, kwenye magodoro yao, kila kaya na jiko lake, na yule mama wa watoto wanne alikuwa amesimama katikati anaamrisha.

"Pulizeni majiko! Wenye chokaa, mwageni! Mwagia na hapo kwa mzee, usimwonee haya!"

Moto ukapanda. Chokaa ikatua juu ya vichwa, magodoro na masufuria, nyeupe tupu.

"Haya, tulieni hivyo hivyo," alisema Mama Lenzi. "Hesabuni mpaka kumi." Wakahesabu kwa sauti, na watoto wakairuka namba sita.

Wekundu tatu. Magamba tatu.

"Panauma?"

Msoma mita angeweza kusema tatu na hakuna ambaye angemsuta. Aliwaza kwa uaminifu, kama mtu anayesoma mita yenye ukungu. "Nyayo zao zinanichoma kidogo," alisema. "Andika moja."

"Saba," alisema Mama Lenzi. Kwenye skrini watu walianza kupeana mikono.

Kompyuta ilichukua muda kulinganisha. Kisha ikaandika: PICHA SI YA MGONJWA YULE YULE. RUDIA.

Picha ya mwisho waliyoihifadhi ilikuwa ya mahali patupu, penye kung'aa, na hii ilikuwa ya umati. Kwa kompyuta, kichwa kilichokwisha kuwa hivyo kisingeweza kurudi kuwa hivi. Mama Lenzi alibonyeza kukubali mara tatu. Mara ya nne ikamjibu kwamba kabla ya kurudia picha ngozi isafishwe kwa spiriti.

"Samahanini, jamani," aliwaambia, akalowesha pamba.

Walibeba majiko yao wakashuka, watoto wakikohoa. Fundi alikuja nyuma yao na ufagio, akakusanya chokaa, akapitisha kiganja ukutani kuhakikisha hapana mkwaruzo. Picha ilitoka safi sana. Wekundu sifuri. Magamba sifuri.

"Panauma?"

Msoma mita aliigonga fomu kwa kidole.

"Andika maelezo," alisema.

"Hapana pa maelezo, dada yangu."

"Tafuta."

"Nimetafuta. Unadhani sijatafuta?" Mama Lenzi alishusha kamera. "Kila siku nakaa na kitu hiki. Natafuta tangu kilipotoka kwenye boksi."

Wakatazamana kupitia kioo cha skrini, wanawake wawili wenye hasira isiyokuwa na mtu wa kupelekewa. "Haya," alisema msoma mita. "Sifuri."

Daktari alisimama kumpa mkono. Faili lilipigwa muhuri wa AMEPONA, na losheni ikasimamishwa, kwa kuwa mtu aliyepona hapewi losheni.

"Daktari," msoma mita alisema, mkono wake bado umo mkononi mwa daktari, "wewe kwa macho yako, unaona nini hapa juu?"

Daktari alimtazama. "Naona upara," alisema kwa sauti ya chini.

"Na karatasi inaona nini?"

"Mafanikio." Akasita. "Wameniambia nikuombe ruhusa. Picha zako, ya kwanza na ya mwisho, wangependa kuzibandika ukumbini. Hatuna nyingine iliyofika sifuri."

Msoma mita aliweka sahihi, kwa sababu basi lake lilikuwa karibu kuondoka na hakuwa na nguvu ya kusema hapana ambayo nayo ingetakiwa kuambatanishwa na kitu.

Mlango wa mwisho ulizibwa baada ya miezi minne, nyuma ya sikio la kushoto, siku ya kazi ya kawaida. Wapangaji hawakulala nje. Ilikuwa jioni, binti ameegemeza kichwa chake kwenye kichwa cha mama anasoma habari ya sungura, na wakati anafungua ukurasa wakaanza kuvuka, kwa mstari, godoro kichwani, wakipita pale nywele za mtoto zilipogusa paji la mama yake.

"Mama, wanapita."

"Naona, mwanangu. Waachie nafasi. Usitikisike."

Wifi aliyekuwa anakunja nguo alisogeza kapu ili lisiwazuie njia. Upande wa pili walipokelewa vizuri. Ilisikika sauti ikisema karibuni, chumba cha nyuma kiko wazi, magodoro wekeni hapo. Ilichukua kurasa tatu mpaka wa mwisho kuvuka. Msoma mita alishika mkono wa binti yake na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze alihisi kwamba watu wake wako mahali pema. Alimbusu utosini, polepole, asimwamshe mtu.

Wiki ya sita binti alianza kujikuna.

"Hapa juu," alisema. "Katikati."

Ukumbini mwa kliniki walikaa kwenye benchi lililokuwa chini ya zile picha. Zilikuwa zimekuzwa, zikatiwa fremu. KABLA ilikuwa na nywele. BAADA ilikuwa uwanda unaong'aa, laini kama sahani. Msichana mmoja aliyekuwa kwenye foleni, kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi, aliitazama BAADA kwa muda.

"Huyu alibahatika," alimwambia msoma mita. "Mimi bado niko kama hiyo ya kwanza."

"Usiache kuja," alijibu msoma mita, maana hakujua jingine la kumwambia mtoto wa watu.

Chumba namba sita, Mama Lenzi alimwinua binti na kumweka kwenye kiti, akamwambia ahesabu mpaka kumi. Skrini ilijaa nyumba, zote zina milango, kila mlango nywele tatu, nne. Kamba za nguo zilikuwa zimefungwa kutoka paa hadi paa. Wale wa kwa mama walikuwa wamejipanga katikati ya wenyeji, na yule mama wa watoto wanne aliitambua kamera, akapunga kijiko. Mwisho kabisa wa mtaa, kwenye ukingo wa picha, alikuwa anaingia mtu mwenye ovaroli na ndoo iliyojaa. Alikuwa amewafuata watu walikoelekea, kama anavyofanya mtu mwenye kazi yake. Kaya mbili za wahamiaji zilikwisha kuwasha majiko na kuanza kufungasha, na hao walitoa wekundu wa alama moja. Vumbi halikuwepo bado. Binti alisema hapaumi, panawasha.

Kwa mgonjwa mpya kompyuta iliuliza kwanza kama kuna mtu wa familia mwenye ugonjwa huu. Mama Lenzi aliandika: mama. Kompyuta ikatafuta faili la mama, ikaona muhuri, ikafuta neno na kuandika yenyewe: HAKUNA. Mama Lenzi akalifuta. Likarudi. Akalifuta tena, akashikilia kitufe kwa kidole mpaka ukucha ukawa mweupe. Alipokiachia, likarudi.

"Jumla moja," alisema bila kugeuka. "Mtarudi ikifika saba."

"Na ikifika saba," aliuliza msoma mita, "itakuwa imebaki milango mingapi?"

Mama Lenzi aliitazama fomu, akaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Haiulizi," alisema.

Hakuna aliyesimama. Binti alikuwa amefika tisa, anasubiri aambiwe amalizie. Kwenye skrini fundi alikuwa amekwisha kuchagua pa kuanzia, nyumba ya wenyeji, yenye nywele nne. Aliweka ndoo chini, akajipangusa mikono kwenye ovaroli, akabisha hodi kama mtu aliyelelewa vizuri. Mwenye nyumba hakuwa anamjua. Alisema karibu, akaja kumfungulia.